Baba Alianguka Tu

Kabla waya wowote haujabandikwa kifuani, daktari wa moyo anayeijua kazi yake huuliza swali lisilohitaji umeme wala foleni ya maabara. Wazazi wako wapo? Kama walishatangulia, walikuwa na umri gani, na waliugua nini?

Mazungumzo yenyewe huwa mafupi, iwe Kiomboi, Manyoni au Singida mjini. Daktari ni kijana, aliyeketi mbele yake ana miaka 48.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, daktari."

"Baba yupo?"

"Alishatangulia. Siku nyingi."

"Pole. Alikuwa anasumbuliwa na nini?"

"Hakuumwa. Alitoka shamba, akaanguka tu."

Majibu mengine tunayafahamu sote. Alilala, hakuamka. Presha ilipanda. Alitupiwa kitu. Na yapo yanayosemwa kwa sauti ya chini, yakimtaja jirani au shangazi ambaye hadi leo hasalimiwi msibani. Siwalaumu wazee wetu kwa majibu hayo. Mtu mwenye nguvu zake, aliyeshika jembe alfajiri, anapolala chini saa sita mchana bila jeraha wala homa, walio hai lazima watafute mkono uliomwangusha. Hapakuwa na uchunguzi wa maiti, hapakuwa na cheti kinachoeleza, na mazishi yalikuwa kesho yake. Lakini gharama ya maelezo hayo imebaki kwetu. Kifo kinapofungiwa ndani ya ugomvi wa ukoo, mtoto anarithi ugomvi, na hapati habari za mishipa ya damu ambayo nayo ameirithi.

Kwa daktari, "alianguka tu" ni taarifa nzito kuliko michoro mingi ya mashine, ilimradi ipate umri. Kanuni wanayoitumia inajulikana: baba au kaka wa damu akipatwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 65, hatari ya mtoto inapanda. Mzee aliyeanguka akiwa na 78 amemaliza safari yake. Aliyeanguka na 44 amewaachia watoto wake ujumbe. Na umri unaweza kutafutwa hata pale ambapo hapana karatasi. Alioa kabla au baada ya Uhuru? Alikuwa na watoto wangapi wakati wa Operesheni Vijiji? Vita vya Kagera vilimkuta akiwa kijana au mtu mzima? Muuguzi mwenye subira akikaa na bibi wa familia kwa robo saa atapata jibu lenye makosa ya miaka miwili au mitatu, na jibu hilo linatosha.

Nayaandika haya kwa sababu ya mbio. Mwishoni mwa 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchi nzima, kwa hofu ya presha, kisukari na magonjwa mengine yasiyoambukiza. Agizo lilikuta moto umeshawaka mijini na likauongezea kuni. Leo vikundi vya mbio za polepole, vile tunavyoviita jogging, viko karibu kila mji wa Tanzania, na Singida haikubaki nyuma. Alfajiri ya Jumamosi, kabla upepo wa Singida haujaanza kazi yake, utawaona kwenye barabara inayoelekea Ziwa Singidani: walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa mafuta ya alizeti, madereva, maofisa wa halmashauri, fulana za rangi moja, kiongozi mbele akianzisha wimbo na wengine wakiitikia. Wengi wana kati ya miaka 38 na 60. Wengi walianza baada ya kuambiwa kitu kliniki, au baada ya kushindwa kufunga mkanda waliokuwa wakiufunga. Saa mbili asubuhi wako kwenye supu ya kuku wa kienyeji, jasho halijakauka, wakilinganisha saa za mkononi zinazohesabu mapigo ya moyo. Nawapenda watu hawa. Sijui kitu kingine katika miji yetu midogo kinachomkalisha bosi na mhudumu wake benchi moja bila itifaki.

Kisha kukaja Tokyo. Tarehe 15 Septemba 2025, Alphonce Simbu, mzaliwa wa wilaya ya Ikungi hapa mkoani, alishinda marathoni ya mashindano ya dunia kwa saa 2:09:48, akimtangulia Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu 3 za mia za sekunde. Hakuna Mtanzania aliyewahi kuleta dhahabu ya mashindano hayo kabla yake. Mtu wa Ikungi aliyeitazama picha ile ya vifua viwili kwenye utepe ana haki ya kujivunia, na ana haki pia ya kujisikia kwamba miguu ile inatoka kwenye udongo wake.

Ila moyo hautoki kwenye udongo. Moyo hutengenezwa na siku zinavyokwenda, na katika mkoa huu mmoja siku haziendi kwa namna moja. Kaskazini, upande wa Mkalama, wapo Wahadzabe, ndugu wa wale wanaoishi kuzunguka Ziwa Eyasi ambao watafiti wamewafuatilia kwa miaka mingi. Mwaka 2017 timu ya David Raichlen na Herman Pontzer ilichapisha vipimo vya Wahadzabe waliovalishwa vifaa vya kuhesabu mapigo: watu wazima walikuwa wakitumia wastani wa dakika 135 kwa siku katika shughuli za nguvu ya wastani hadi kubwa, na presha na lehemu zao zilikuwa nzuri hata uzeeni. Hawafanyi mazoezi. Wanatafuta asali, mizizi, nyama na maji. Simbu naye, kwa njia yake, mwili wake umeandaliwa siku kwa siku kwa miaka mingi. Wa tatu ni karani wa miaka 47 aliyekaa kwenye kiti tangu ajiriwe, anayepanda pikipiki kwenda sokoni umbali wa dakika kumi kwa mguu, na anayeamua, kwa ari ya wiki moja, kuingia mbio za kilomita 21 mwezi ujao. Moyo wa huyu wa tatu ndio unaohitaji kuulizwa.

Takwimu za jambo hili zina ukali wake. Mwaka 1993 Murray Mittleman na wenzake walichunguza watu waliopata mshtuko wa moyo nchini Marekani, wakiuliza walikuwa wakifanya nini saa moja kabla. Kwa mtu aliyezoea mazoezi makali mara tano au zaidi kwa wiki, kujitutumua kuliongeza hatari ya saa ile kwa takribani mara 2.4. Kwa mtu asiyefanya mazoezi hata mara moja kwa wiki, iliongezeka mara 107. Shughuli ni ile ile. Kilichotofautiana ni maandalizi. Ndiyo maana siku inayonitia hofu zaidi ni ya bonanza, kuliko Jumamosi za kawaida za kikundi: ile siku moja ya mwaka ambapo idara nzima inatolewa ofisini, wenye umri wanapangwa kwenye kuvuta kamba na mechi ya maveterani, jua limeshapanda, watani wanashangilia, na hakuna anayetaka kuonekana amechoka mbele ya vijana wa ofisi yake.

Kipimo chenyewe, kile cha moyo kwenye mazoezi, kinaeleweka vizuri ukikiona kwa karibu. Unavua shati. Muuguzi ananyoa nywele sehemu chache za kifua, anasugua ngozi kwa spiriti mpaka inawasha kidogo, kisha anabandika vibandiko 10: sita mbele ya kifua, vinne mabegani na chini ya mbavu. Kila kimoja kina waya. Kitambaa cha kupimia presha kinafungwa mkononi. Unapanda kwenye mashine ya kukimbilia, na mkanda unaanza kwa mwendo wa kilomita 2.7 kwa saa, tena kwa mwinuko wa asilimia 10. Ni mwendo wa kumsindikiza mzee kanisani. Baada ya dakika 3 mkanda unaongeza mwendo hadi 4.0 na kuinuka hadi asilimia 12. Dakika 3 nyingine, 5.5 na 14. Kisha 6.8 na 16, na hapo mtu wa ofisini huanza kushika vyuma. Daktari hakuangalii usoni sana, macho yake yako kwenye kioo, kwenye kipande kifupi cha mstari kati ya pigo kuu na kilima kidogo kinachofuata. Kipande hicho kikishuka milimita moja au zaidi na kubaki kimelala au kikiteremka, ni ishara kwamba sehemu ya msuli wa moyo inadai damu na haipati. Presha ya juu inatakiwa ipande kadiri kazi inavyoongezeka. Ikishuka, mashine inasimamishwa hapo hapo. Kwa mtu wa miaka 50, mapigo yanayolengwa ni kama 145 kwa dakika. Unaposhuka nako wanaendelea kuhesabu, kwa sababu moyo wenye afya unajua kutulia: utafiti wa 1999 ulionyesha kwamba mapigo yakishindwa kupungua zaidi ya 12 katika dakika ya kwanza ya kupumzika, ni dalili mbaya kwa miaka inayofuata.

Wazo la kuufanyisha moyo kazi ili useme ni la zamani. Arthur Master wa New York aliwapandisha na kuwashusha watu ngazi mbili tangu 1929. Aliyeweka mpangilio wa dakika tatu tatu unaotumika hadi leo ni Robert Bruce wa Seattle, mwaka 1963. Mantiki yake ni sahihi. Mshipa wa moyo uliozibwa kwa asilimia 70 unaweza kupitisha damu ya kutosha ukiwa umekaa, na mchoro wa umeme wa moyo unaochukuliwa kitandani, yaani ECG, ukatoka safi kabisa. Mpandishe mwenye mshipa huo mlima Sekenke kwa miguu, kutoka Shelui, na upungufu utajitokeza.

Tatizo linaanza pale kipimo kinapopewa kazi isiyo yake. Kiongozi wa kikundi anasema: kabla ya msimu, kila mwanachama aliyevuka 40 apimwe kwenye mashine, aje na cheti. Nia ni njema, na nimewahi kuiunga mkono hadharani mimi mwenyewe, hadi nilipokaa na kalamu. Tuseme tuna watu 1,000 wa umri huo, hawana maumivu yoyote, na 50 kati yao wana mshipa uliozibika kwa kiasi cha kuhesabika. Uwezo wa kipimo hiki, kwa majumuisho ya tafiti nyingi yaliyochapishwa 1989, ni kuwanasa asilimia 68 ya wenye tatizo na kuwaachia huru asilimia 77 ya wasio nalo. Fanya hesabu. Wagonjwa 34 watanaswa, 16 watapita. Na kati ya wazima 950, wapatao 218 wataambiwa mstari wao umeshuka. Yaani kwa kila watu saba au wanane watakaotoka chumbani na hofu, mmoja tu ana ugonjwa. Kwa wanawake, ambao ni nguzo ya vikundi vingi, kipimo hukosea zaidi.

Sasa chukua watu 1,000 wengine, wanaume wa miaka 55 wanaobanwa kifua kila wapandapo kilima na kupata nafuu wakisimama. Tuseme 600 kati yao wana ugonjwa. Mashine ile ile itanasa 408 na kuwasingizia 92. Hapa jibu la "ndiyo" lina uzito wa kweli. Mashine haikubadilika, waya ni zile zile, milimita ni ile ile. Aliyebadilika ni mtu aliyepanda juu yake na swali alilokuja nalo.

Ndiyo sababu jopo la Marekani linaloshauri kuhusu vipimo vya kinga lilisema mwaka 2018 kwamba watu wazima wasio na dalili na wenye hatari ndogo wasipimwe ECG kwa uchunguzi wa jumla, iwe ya kupumzika au ya mazoezi. Na ndiyo sababu mwongozo wa Ulaya wa 2020 kuhusu moyo na michezo unakiweka kipimo cha mazoezi kwa wachache: yule mwenye hatari kubwa, aliyekuwa hafanyi kitu, anayetaka kuingia kwenye mazoezi makali. Hapa kwetu lazima tuongeze umbali. Huduma za kibingwa za moyo zilizo jirani ziko Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, kilomita kama 240 kutoka Singida mjini. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, kilomita kama 700. Mkulima wa Ikungi aliyesingiziwa na mstari atauza mbuzi, atasafiri, atalala kwa ndugu, atarudi na jibu kwamba ni mzima, na njiani atakuwa ameacha kukimbia kwa woga. Sioni kama tumemtendea haki.

Lipo jambo jingine, na kwangu ndilo kubwa zaidi. Mashine ya Bruce inatafuta mishipa iliyoziba. Je, ndiyo inayovunja mioyo yetu? Mwaka 2014 Abel Makubi na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 427 waliofika Muhimbili moyo ukiwa umeshindwa kazi. Wastani wa umri ulikuwa miaka 55. Asilimia 45 walifikishwa hapo na presha. Waliofikishwa na mishipa iliyoziba walikuwa asilimia 9. Maisha yanabadilika na sehemu hiyo ya mwisho huenda ikakua, kwa jinsi tunavyokula na kukaa. Ila kwa sasa adui aliye mlangoni anajulikana. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta karibu robo ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana presha ya juu, na wengi wao hawakuwa kwenye dawa. Presha ya miaka mingi hunenepesha ukuta wa moyo. Ukuta ulionenepa ni hatari yenyewe, na zaidi ya hapo huuvuruga ule mstari wa milimita moja kwenye mashine, ukashuka hata kama mishipa iko wazi. Kwa maneno mengine, katika mkoa wenye presha nyingi zisizotibiwa, mashine ya kukimbilia inakuwa shahidi dhaifu, na kitambaa cha kupimia presha kinakuwa shahidi mkuu. Kitambaa hicho kinaingia kwenye mkoba wa mwalimu. Kikundi cha watu thelathini kikichangishana hela ya supu ya Jumamosi chache, kinakinunua.

Kwa hiyo nikiulizwa nini kifanyike alfajiri kabla ya wimbo kuanza, naona meza moja, kiti, mtu aliyefundishwa kupima, na daftari. Kila mgeni wa kikundi anakaa dakika tano, mkono juu ya meza, hasemi. Presha inaandikwa, na inapimwa tena wiki inayofuata kabla mtu hajaambiwa lolote zito. Sukari ikiwezekana. Halafu maswali. Unavuta sigara? Wazazi? Umewahi kuzimia ukiwa kwenye kazi nzito? Na lile ambalo lazima liulizwe kwa Kiswahili cha nyumbani, kwa sababu ukimuuliza mtu wetu kama ana maumivu ya kifua atasema hana. Muulize kama gesi inamsumbua akipanda kilima. Muulize kama vidonda vya tumbo vinamchoma akitembea haraka na kuacha akisimama. Nimeshuhudia watu wakimeza dawa za vidonda mwaka mzima kwa moto unaowaka juu kidogo ya tumbo, moto ambao hauna habari na chakula, unakuja na mwendo na kuondoka na mapumziko. Huo si mwendo wa vidonda. Mtu huyo asikimbie hata hatua moja mpaka aonane na daktari, na kwake safari ya Dodoma ni ya lazima.

Jim Fixx anakumbukwa katika mada hii, na mara nyingi anakumbukwa vibaya. Huyu ni Mmarekani aliyeandika mwaka 1977 kitabu cha mbio kilichouzwa zaidi ya nakala milioni moja. Alianza kukimbia akiwa na miaka kama 35, mnene, mvutaji wa pakiti mbili kwa siku. Tarehe 20 Julai 1984, akiwa na miaka 52, alikutwa amekufa kando ya barabara huko Vermont, katikati ya mazoezi. Uchunguzi ulikuta mishipa yake mitatu ya moyo imeziba vibaya. Waliochukia mbio walifurahi kupata hoja. Lakini jambo linalonishika ni baba yake, ambaye alipata mshtuko wa moyo wa kwanza akiwa na 35 na akafa na 43. Fixx aliijua habari hiyo vizuri. Miezi michache kabla ya kifo chake alikuwa Dallas, kwenye kituo cha Kenneth Cooper, wakamkaribisha apande mashine wampime, akakataa. Kwa mtu yule, mwenye baba yule, kipimo kile kingekuwa na maana kubwa. Yeye alikuwa na taarifa ya baba na hakuitumia. Wengi wetu hapa tungeitumia, ila hatunayo. Imezikwa na marehemu.

Hata hivyo mtu asitoke kwenye mashine akidhani amepewa hati ya kuishi. Mshtuko wa moyo mara nyingi huanzia kwenye utando wa mafuta usioziba sana mshipa, ambao haukushusha mstari wowote, ukapasuka siku moja na damu ikaganda juu yake. Kipimo cha Ijumaa kilikuwa kweli siku ya Ijumaa. Kwa hiyo lazima tujue la kufanya mtu anapoanguka.

Na hapa kuna habari ninayotaka kila kiongozi wa kikundi aijue. Watafiti wa Marekani walihesabu wakimbiaji milioni 10.9 wa marathoni na nusu marathoni kati ya 2000 na 2010. Mioyo 59 ilisimama, wastani wa mmoja kwa kila 184,000. Kwanza hiyo ni habari njema: mbio ni salama kuliko zinavyosimuliwa msibani. Wastani wa umri wa walioanguka ulikuwa 42, na asilimia 71 walifariki. Wakarudia hesabu kwa miaka ya 2010 hadi 2023, wakimbiaji zaidi ya milioni 29. Mioyo iliendelea kusimama kwa kiwango kile kile. Lakini safari hii waliofariki walikuwa asilimia 34. Vipimo vyote vya muongo ule havikupunguza idadi ya walioanguka. Kilichopungua ni makaburi, kwa sababu waliokuwa karibu waliweka mikono kifuani na kuanza kukandamiza, na mashine ya kushtua moyo ilikuwa jirani.

Mikono tunayo. Kukandamiza kifua kunafundishika kwa saa moja, sakafuni, juu ya mto au gunia lililojazwa nguo: viganja viwili katikati ya kifua, mikono imenyooka, kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusimama, mpaka msaada ufike. Kiongozi anayeimbisha kikundi anaijua kasi hiyo tayari kwa miguu yake. Kila kikundi kiwe na watu wanne wanaoweza kupokezana, maana dakika mbili za kukandamiza humchosha hata kijana. Na watazamaji wafundishwe jambo moja: aliyeanguka bila kuitika, asiyehema sawasawa, hamwagiwi maji, hanusishwi kitu, hasubiriwi azinduke. Kila dakika inayopita bila mikono kifuani inakula karibu asilimia 10 ya nafasi yake.

Mashine ya kukimbilia nayo naitaka ije. Taasisi ya Jakaya Kikwete, tangu ianzishwe kama taasisi inayojitegemea mwaka 2015, imejenga uwezo ambao kizazi cha baba zetu kilikuwa kinaufuata India, na madaktari wake wamekuwa wakitoka kwenda mikoani kupima watu. Wakimbiaji wa Tanzania wenyewe wamechangia: marathoni ya benki ya CRDB jijini Dar es Salaam imekuwa ikikusanya fedha za upasuaji wa moyo kwa watoto katika taasisi hiyo hiyo. Si ndoto kubwa kutaka hospitali ya rufaa ya kila mkoa iwe na mashine ya kukimbilia iliyofungwa waya, na mtu aliyesomea kuisoma. Swali langu ni nani apande kwanza. Najua foleni zetu zinavyojipanga: watapanda wakubwa wa ofisi, kisha wenye bima nzuri, kisha kijana wa miaka 39 mwenye saa ya gharama anayetaka kujua atavuka saa ngapi mstari wa mwisho wa marathoni ya Moshi.

Mimi ningemtanguliza mama muuza vitunguu wa Misuna mwenye miaka 52, anayebeba ndoo, hajawahi kuvaa fulana ya kikundi chochote, na anayesema tangu masika gesi inamshika akipandisha kilima cha kwake. Nyuma yake ningemweka karani yule wa 47, akishafanya kazi moja ndogo kwanza: aende kijijini wikiendi hii, akae na mama mkubwa wake, waanze na mwaka ambao baba alioa, wahesabu kwenda mbele mpaka siku ile ya shamba.